Kuimaliza raundi ya gofu ya visahani kwa visahani viwili

Swali: Habari za kazi. Karibu na ninapoishi kuna uwanja wa gofu ya visahani wa mashimo tisa, na sina mtu wa kunifundisha. Nimenunua kisahani kimoja, kimeandikwa 12, 5, -1, 3 na gramu 175. Kila nikikirusha kinakwenda kidogo, kisha kinakata kushoto na kuangukia vichakani. Natumia mkono wa kulia. Nataka kucheza raundi nzima kwa sheria zake bila kumkera mtu. Nibebe nini, nicheze vipi, na kisahani changu kina kasoro gani?

Jibu: Ndugu msomaji, kisahani chako ni kizima kabisa. Kinafanya kazi iliyokusudiwa, ila kimetengenezwa kwa mkono unaorusha kwa kasi kubwa kuliko ya mtu anayeanza. Kiweke pembeni kwa sasa. Raundi yako ya kwanza, na nyingi zitakazofuata, zicheze na visahani viwili tu: puta, yaani kisahani cha kuingizia kikapuni na cha masafa mafupi, na midirenji, yaani cha masafa ya kati. Kwa hivyo viwili utaumaliza uwanja wa kawaida wa mashimo tisa (shimo ni njia nzima kutoka jukwaa la kurushia hadi kwenye kikapu chake cha minyororo), na mara nyingi utaumaliza kwa mirusho michache kuliko anayeanza na mkoba uliojaa draiva, yaani visahani vya masafa marefu.

Tuanze na hilo la kukata kushoto, maana ukilielewa, mambo mengi ya uwanjani yanakuwa mepesi.

Zile namba nne zinasomwa hivi. Ya kwanza ni mwendo, huanzia 1 hadi 14 au 15, na inaonyesha kisahani kinahitaji kurushwa kwa kasi kiasi gani ili kiruke kama kilivyobuniwa. Ya pili ni kuelea, 1 hadi 7: kadiri ilivyo kubwa, ndivyo kinavyokaa hewani muda mrefu. Ya tatu ni kugeuka kulia wakati bado kina kasi. Ikiwa na alama ya kutoa, kisahani kinageuka zaidi. Ya nne, 0 hadi 5, ni kukata kushoto kasi inapoisha. Maelezo hayo ya kulia na kushoto ni ya mtu wa mkono wa kulia anayerusha bekihendi, yaani mkono ukipita mbele ya kifua kutoka kushoto kwenda kulia. Mwenye mkono wa kushoto ageuze pande, na vivyo hivyo mwenye mkono wa kulia anayerusha foahendi, yaani mkono ukitokea upande wake wa kulia, kiganja kikitangulia.

Kisahani chako cha namba 12 ni draiva ya mbali. Kinamfaa mtu ambaye tayari anafikisha mita 100 au zaidi. Ukikirusha polepole, ile namba ya tatu haipati nafasi ya kufanya kazi na unabaki na ya nne peke yake: 3, kushoto, vichakani. Sababu iko kwenye mzunguko wake. Kikitoka mkononi mwako kinazunguka kisaa ukikitazama kwa juu. Kasi inapopungua kinaanza kushuka, hewa inakipiga zaidi kwa chini, na msukumo wake unasogea mbele ya kitovu cha uzito na kutaka kuinua pua, yaani ukingo wa mbele. Kitu kinachozunguka kwa kasi hakiinuki pale kinaposukumwa. Kinaitikia robo mzunguko baadaye. Kwa hiyo badala ya pua kuinuka, ni upande wa kulia unaoinuka, na kisahani kinalala kushoto. Kila kisahani kina tabia hiyo. Tofauti ni kwamba puta na midirenji zinahitaji kasi ndogo ili ziende sawa kabla ya kulala.

Visahani vya ukingo mwembamba, unaokata hewa, vilianza mwaka 1983 kwa kisahani cha Eagle, kazi ya Dave Dunipace wa kampuni ya Innova. Kabla ya hapo watu walicheza na visahani vya kuchezea vya kawaida, vyenye ukingo mnene wa mviringo. Ukingo mwembamba uliongeza masafa sana kwa wenye mkono wenye kasi, na ndio huohuo unaomwadhibu asiye nayo.

Basi, cha kununua. Puta yenye mwendo 2 au 3, na namba mbili za mwisho zikiwa 0 na 1 au karibu na hapo. Midirenji yenye mwendo 4 au 5, kuelea 4 au 5, namba ya tatu kati ya 0 na -1, na ya nne isizidi 1. Uzito umeandikwa upande wa chini wa kisahani. Sheria za chama cha kimataifa cha mchezo huu, PDGA, zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, ndiyo maana visahani vingi vya kipenyo cha sentimita 21 na kitu vinaishia kwenye gramu 175. Puta nzito, gramu 170 hadi 175, haina shida kwa anayeanza, kwa sababu inatulia kwenye upepo. Midirenji chukua ya gramu 160 hadi 170. Ni rahisi kuipa kasi. Kuhusu plastiki, puta nunua ya aina ya bei ya chini: inashika vizuri mkononi na kwenye minyororo, ijapokuwa inachubuka mapema. Midirenji ndiyo itakayogonga miti, hivyo plastiki ngumu zaidi inafaa. Rangi iwe inayoonekana mbali, kama chungwa au waridi kali. Kisahani cha kijani kwenye nyasi ni hasara iliyopangwa. Andika jina na namba yako ya simu upande wa chini kwa kalamu ya wino usiofutika.

Mkobani weka pia taulo dogo, maji, kalamu, na kisahani kidogo cha kuwekea alama. Hicho kidogo kwenye mashindano lazima kiwe na kipenyo cha sentimita 7 hadi 15. Kwa mchezo wa kirafiki, kitu chochote bapa kinachoonekana kitakufaa. Viatu viwe vyenye nyayo zinazoshika. Jukwaa la kurushia likiwa la saruji na limelowa, kiatu laini kinateleza pale pale unapohamisha uzito, na goti ndilo linaloumia.

Sasa mrusho wenyewe. Kwa midirenji, kidole gumba kikae juu karibu na ukingo, vidole vinne chini, ncha zake zikijikunja na kukandamiza ukuta wa ndani wa ukingo. Kaza vya kutosha kisahani kisichezecheze, lakini kifundo cha mkono kibaki huru. Simama ubavu, bega la kulia likielekea unakolenga, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega. Usikimbie wala usipige hatua. Katika raundi za mwanzo rusha ukiwa umesimama. Masafa unayopoteza ni kidogo, na unachopata ni kisahani kinachokwenda unakotaka. Rudisha kisahani nyuma kwa kimo cha kifua, mkono umenyooka bila kukakamaa, na bega zima ligeuke pamoja nao mpaka uwe karibu kulipa lengo mgongo. Hamishia uzito mguu wa mbele kwanza. Nyonga zifuate, kisha bega, na mkono uje wa mwisho, kiwiko kikitangulia. Kisahani kipite karibu na kifua kwa mstari ulionyooka. Usijaribu kuamua lini ukiachie. Kasi yake ndiyo itakayokichomoa vidoleni. Baada ya hapo acha mkono na mwili viendelee kuzunguka na kisigino cha mguu wa mbele kigeuke. Anayefunga breki ghafla baada ya kuachia ndiye anayelalamika kiwiko na bega.

Makosa manne yanarudi kwa karibu kila anayeanza, na kila moja lina dalili yake. Kisahani kikipanda juu, kikasimama hewani kisha kikaporomoka kushoto, pua ilikuwa imeinuka. Hili ndilo linalokula masafa kuliko yote. Dawa yake ni kugeuza kifundo cha mkono kidogo wakati wa kuvuta, kana kwamba unazungusha ufunguo mlangoni kwenda kulia, na kuhakikisha mkono hauishii juu kuliko ulipoanzia. Kikitoka kikitikisika, mkono ulizunguka njia moja na kisahani kikasukumwa njia nyingine. Punguza nguvu mpaka mtikisiko uishe. Kikienda moja kwa moja kulia tangu kinapotoka, umekishikilia muda mrefu mno, mara nyingi kwa kukaza kupita kiasi au kwa kuuzungusha mkono kwa kuuzungukia mwili badala ya kuvuta kwa mstari. Na kikienda kushoto tangu mwanzo, kimekuponyoka mapema, mara nyingi kwa jasho. Hapo ndipo taulo linapofanya kazi.

Kabla ya shimo la kwanza tenga dakika 10. Zungusha mabega na nyonga, rusha mara chache kwa nusu ya nguvu, kisha ingiza kikapuni ukiwa mita 3 mpaka mkono ulainike.

Ukifika kwenye jukwaa la kurushia, soma kibao kwanza kabla ya kushika kisahani. Kibao kizuri kinaonyesha namba ya shimo, umbali hadi kikapuni, pari, mipaka, na wapi shimo linalofuata linaanzia. Pari ni idadi ya mirusho ambayo mchezaji mahiri anatarajiwa kuitumia. Mashimo mengi ya viwanja vya kawaida ni pari 3. Wewe jiwekee pari yako: ongeza mrusho mmoja kwa kila shimo. Kwenye uwanja wa mashimo tisa yenye pari 27, lengo lako liwe 36. Hesabu hiyo inabadilisha maamuzi yako uwanjani, kwa sababu ukijua una mirusho minne huna sababu ya kuulazimisha wa kwanza upite kwenye upenyo mwembamba kati ya miti miwili.

Hapa ndipo raundi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo tulitazame shimo moja kwa karibu. Tuseme ni la mita 75. Njia inapinda kushoto ikizunguka kundi la miti, na nyuma ya kikapu, mita 8 hivi, kuna barabara ambayo ni nje ya mpaka. Wengi wanasimama jukwaani wakitazama mbele na kujiuliza watafika wapi. Anza kikapuni, urudi nyuma. Mrusho wa mwisho unataka kuurusha ukiwa wapi? Mita 2 au 3 kutoka kikapuni, upande wa huku, barabara ikiwa mbele yako kwa mbali na wewe ukiwa huna haja ya kurusha kwa nguvu. Kufika hapo unahitaji mrusho mwepesi wa puta, mita 20 hadi 25, kutoka mahali pasipo na miti mbele. Mahali hapo ni wapi? Karibu mita 50 kutoka jukwaani, upande wa kulia wa njia, baada ya kona. Basi mrusho wa kwanza ni midirenji ya mita 50, ukiwa umeinamisha ukingo wa nje, ule ulio mbali na mkono wako, kidogo kuelekea chini. Mwinamo huo wachezaji wanauita haiza. Kisahani kinaanza kulia kidogo mwa njia na kinarudi kushoto chenyewe kikifuata kona. Mirusho mitatu: 50, 23, na 2 ya kuingiza. Umepata pari ya kibao, na hakuna hata mmoja uliorushwa kwa nguvu zako zote.

Haiza ndiyo njia salama kuliko zote kwa anayeanza, kwa kuwa inakwenda upande ambao kisahani kinataka kwenda. Kinyume chake, anhaiza, ukingo wa nje ukiwa juu, kinapinda kulia na kinahitaji mkono wenye uzoefu. Shimo likipinda kulia, usiilazimishe. Rusha moja kwa moja mpaka kwenye kona, halafu anza upya kutoka hapo.

Kwa upande wa sheria jukwaani, wakati kisahani kinaachia mkono, lazima mguu wako mmoja uwe unagusa eneo la kurushia na usiwe umekanyaga nje yake. Una sekunde 30 tangu zamu yako ifike na mbele kuwe kweupe. Shimo la kwanza mnakubaliana nani aanze. Kuanzia la pili anaanza aliyepata mirusho michache kwenye shimo lililopita. Baada ya mirusho ya jukwaani, aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayefuata. Wengine wote wakae nyuma yake.

Ukikifikia kisahani chako, una njia mbili. Unaweza kukiacha kilipo na kusimama nyuma yake, au kuweka kile kidogo cha alama kikigusa ukingo wa mbele, upande wa kikapu, kisha ukakiokota kile kikubwa. Njia ya pili ni bora: inakupa sentimita 21 zaidi kuelekea kikapuni na inakurudishia kisahani chako mkononi. Eneo lako la kusimama ni dogo, upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30, likianzia nyuma ya alama kwenye mstari unaotoka kikapuni. Mguu mmoja uwe ndani yake unapoachia, na kiungo chochote kinachokubeba kisiwe mbele ya alama. Ukiwa mbali, mwili unaweza kupita mbele baada ya kuachia. Ukiwa ndani ya mita 10 za kikapu huruhusiwi: lazima uonyeshe umetulia kwa mizani nyuma ya alama ndipo usogee. Hii ndiyo sheria inayovunjwa zaidi na wageni, kwa kuwa mwili unapenda kuufuata mkono.

Kisahani kimetoka nje ya mpaka pale ambapo chote kimezungukwa na eneo la nje. Mstari wenyewe ni sehemu ya nje, lakini ukingo wa kisahani ukigusa ndani hata kidogo, uko salama. Ukitoka, ongeza mrusho mmoja wa adhabu. Kisha cheza ukiwa ndani, hadi mita 1 kutoka mpakani, mahali kilipopita mara ya mwisho kikiwa ndani, au urudi ulikorushia. Kikipotea, muda wa kukitafuta ni dakika 3. Zikiisha, ni adhabu ya mrusho mmoja na unarudi mahali uliporushia, isipokuwa pametengwa mahali maalumu pa kuendelea. Kikinasa juu ya mti hakuna adhabu isipokuwa imetangazwa hivyo: weka alama chini yake wima na uendelee. Kibao kikionyesha mshale wa njia ya lazima kando ya mti fulani, pita upande huo, la sivyo ni adhabu nyingine.

Vichakani utaingia tu, hata ukicheza vizuri. Unaruhusiwa kuondoa matawi makavu na takataka zilizolala pale unaposimama na nyuma yake. Huruhusiwi kuvunja au kukunja kilichoota ili upate njia, na chochote kilicho kati ya alama yako na kikapu hakiguswi. Baada ya hapo usitafute upenyo unaoelekea kikapuni. Tafuta ulio mpana kuliko wote, hata kama unakurudisha pembeni, na utokee njiani kwa puta iliyorushwa chini kwa mkono mwepesi. Mrusho mmoja umekwisha, sawa. Anayejaribu kupenya kwenye tundu la nusu mita anagonga mti, kisahani kinarudi nyuma yake, na shimo la pari 3 linageuka kuwa 7. Pakiwa hapasimamiki kabisa, kuna miiba au mteremko mkali, una haki ya kurudi nyuma kwenye mstari uleule unaotoka kikapuni, umbali wowote, kwa adhabu ya mrusho mmoja. Itumie. Ni nafuu kuliko kifundo cha mguu kilichoteguka.

Nusu ya mirusho yako itakuwa karibu na kikapu, na ndipo hesabu inapopungua haraka kuliko popote. Kikapu hiki cha minyororo ni ubunifu wa Ed Headrick wa California, mtu aliyebuni uwanja wa kudumu wa Oak Grove mwaka 1975 na kuanzisha PDGA mwaka 1976. Kabla yake watu walilenga miti na nguzo, na ubishi wa kama imegongwa au haikugongwa haukuisha. Minyororo inaua kasi ya kisahani ili kidondoke kapuni, lakini inaua kasi ya wastani tu. Ukipiga kwa nguvu sana kinapenya katikati na kutokea upande wa pili, au kinadunda nje. Shimo limekwisha pale kisahani kinapoingia kati ya ukingo wa kapu na sehemu ya juu inayoshika minyororo na kutulia ndani. Kikikaa juu ya kikapu au kikajikwamisha kwenye kapu kwa nje, bado hujamaliza.

Kwa puta, tandaza vidole chini ya kisahani, kidole cha shahada kikiwa kando ya ukingo, gumba juu. Kabili kikapu, mguu wa kulia mbele, magoti yamelegea. Chagua nyororo moja iliyo katikati, juu kidogo ya nusu, uitazame hiyo peke yake. Anzia kwenye kiuno, hamisha uzito mbele, mkono unyooke kuelekea kwenye nyororo ile na vidole vifunguke vyote kwa pamoja. Mkono uishie umenyooka ukielekea kikapuni. Ukiishia pembeni, kisahani nacho kimekwenda pembeni. Anayekosa kwa kupungukiwa karibu kila mara ametumia mkono peke yake bila miguu.

Ukiwa mita 3 hadi 5, ingiza. Ukiwa mita 6 hadi 10, tazama kwanza nyuma ya kikapu. Kama ni tambarare, jaribu. Kama kuna mteremko, maji au mpaka, kiweke kisahani chini ya kikapu kwa upole na umalize kwa mrusho unaofuata. Kisahani kinachokosa kikapu kilicho ukingoni mwa mteremko kinaweza kutua kwa ukingo na kubingirika mita 15 au 20. Mrusho mmoja wa pupa unageuka mitatu.

Upepo unahitaji maelezo yake. Ukivuma usoni, kisahani kinajiona kama kinakwenda kasi zaidi: kinageuka kulia kuliko kawaida na kinainuka. Rusha chini zaidi, mwinamo wa haiza uongeze kidogo, na usiongeze nguvu, kwani nguvu inazidisha tatizo. Ukivuma mgongoni, ni kinyume: kisahani kinakosa kuelea, kinashuka mapema na kukata kushoto. Kipe kimo zaidi. Kwenye puta, upepo wa usoni unakiinua kisahani juu ya minyororo, basi lenga chini kidogo. Wa mgongoni unakizamisha kwenye chuma cha kapu, basi lenga juu. Upepo wa ubavuni ni hatari zaidi ukipiga tumbo la kisahani. Ukitoka kushoto na wewe ukarusha haiza, upande wa juu ndio unaopigwa na kisahani kinasukumwa chini. Ukitoka kulia, unapiga kwa chini na kukibeba mbali na njia. Kwa upepo wa kulia, punguza mwinamo na urushe chini.

Mvua nayo: futa kisahani na vidole kabla ya kila mrusho, pamoja na upande wa ndani wa ukingo ambao wengi wanausahau. Taulo liwe ndani ya mkoba, lisining'inie nje.

Kuhusu kutokera watu, sheria ya kwanza ni usalama. Usirushe mpaka kundi la mbele liwe limetoka kabisa kwenye masafa yako, pamoja na pale kisahani kinapoweza kwenda kikikosea. Viwanja vingi viko ndani ya bustani za umma. Mpita njia, mtoto, mbwa na mwendesha baiskeli wote wana haki kabla yako. Subiri, au waombe kwa adabu wapite. Kisahani kikielekea kwa mtu, paza sauti mara moja bila aibu. Mwenzako anaporusha, nyamaza na usisimame mbele yake wala pembeni mwa macho yake. Ukimaliza shimo, ondoka kikapuni kwanza, andika hesabu kwenye jukwaa linalofuata. Kundi lililo nyuma likiwa na watu wachache na kasi zaidi, lipishe. Ukiwa peke yako, raundi ya mashimo tisa inachukua takribani saa moja. Mkiwa wanne, ongeza nusu saa. Kisahani kilichookotwa chenye jina na namba, mpigie mwenyewe.

Kwenye kadi usiandike tu jumla ya kila shimo. Weka herufi ndogo pembeni kwa kila mrusho uliopotea: M kwa mti, N kwa nje ya mpaka, K kwa kukosa kikapu ukiwa ndani ya mita 10. Baada ya raundi tatu au nne utaona herufi moja imetawala. Ikiwa ni K, chukua puta tano au kumi za aina moja, au hata mbili, ufanye mazoezi ya mita 3, 5 na 7 kabla ya kufikiria kingine chochote. Ikiwa ni M, unachagua njia nyembamba mno au pua inainuka.

Na ile draiva yako ya 12 usiiuze. Midirenji ikianza kufika mita 75 hadi 80 kwenye uwanja tambarare, ikienda sawa na bila kutikisika, ongeza kwanza draiva ya njiani yenye mwendo 6 au 7 na namba ya tatu -1 au -2. Ikizoeleka hiyo, itoe ya 12 uijaribu siku isiyo na upepo, kwa nguvu zilezile unazotumia kwenye midirenji. Hata ikiwa bado inakata kushoto mapema, utaitumia kwa kusudi pale shimo linapopinda kushoto kwa ghafla, au upepo mkali unapovuma usoni na midirenji inakataa kurudi.